Jinzi ya Sare

Mwenyekiti wa kikundi chetu alipotangaza kwamba sare ya matembezi itakuwa jinzi na tisheti nyeupe, akina mama walipiga vigelegele, nami nikapiga kuliko wote. Nilikuwa nimeingiwa na hofu na sikutaka ionekane. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki uani kwake, Kiseke, hapa Mwanza, tunatafuna karanga, na matembezi yenyewe yalikuwa ya kwenda ufukweni kula samaki na kupiga picha. Jambo la furaha kabisa. Mimi nilirudi nyumbani nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Sare kwetu haina mjadala. Msiba una sare, harusi ina sare, hata kumpelekea mwenzako zawadi ya uzazi kuna sare. Ukija na nguo yako mwenyewe watu hawakuulizi kitu. Wanakusogezea kiti cha pembeni na kukuacha nje ya picha kwa adabu kubwa. Usipokuja kabisa, wanaanza kuulizana una nini. Hapo ndipo nilipobanwa, maana kitu nilikuwa nacho, ila sikukijua.

Nilikuwa nakonda. Sikuwa nimefunga, sikuwa nakimbia asubuhi, wala sikuwa nimeacha wali. Nilikula kuliko baba watoto, ugali na sato, narudia na kurudia tena, na bado mwili ulikuwa unaniponyoka. Nikahamia kwenye madera, yale mapana, na dera ni rafiki wa kweli kwa sababu halisemi ndani yake kuna nani. Hata kazini nilivaa dera. Nauza vitambaa mjini, kwenye duka la familia ya Kihindi, na bosi wangu ni mama ambaye amezaliwa ghorofani juu ya duka lile lile na anabishana na wateja kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu. Siku moja aliniona mikono ikitetemeka nikikata kitambaa cha mteja, akaninyang'anya mkasi.

"Wewe, nenda hospitali," akasema. "Leo leo."

Nikamwambia ni malaria tu, nimeshameza dawa, na kama hataki nimkatie mteja vitambaa basi aseme. Nilimjibu kwa ukali mpaka yeye mwenyewe akanyamaza, na si mtu wa kunyamaza. Siku hizo nilikuwa na hasira za ajabu. Mtu akidondosha kijiko jikoni, moyo unanienda mbio kama nafukuzwa na mbwa.

Ukikonda mjini kwetu hakuna anayekuambia kitu. Wanakusalimia tu. Macho yanaanzia usoni, yanashuka mpaka kwenye mitulinga, yanatua hapo kidogo, halafu yanarudi usoni na tabasamu jipya. "Mbona umepungua hivyo, shoga? Unafanya dayati?" Nikisema ndiyo, nafanya dayati, tunacheka pamoja, na kila mmoja anajua mwenzake anafikiria nini. Siku hizi watu wanameza dawa zao, wanazeeka, wanalea wajukuu, lakini jina bado hatulitaji. Tunasema "ule ugonjwa", na sauti inashuka yenyewe.

Mimi nilijijua. Tangu niolewe sijatoka nje ya ndoa yangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Lakini mume wangu ananunua dagaa visiwani. Anavuka, anakaa huko mwaloni kwenye makambi ya wavuvi mpaka mzigo ukauke na upate chombo cha kuuvusha, na yanayosemwa kuhusu makambi yale kila mke wa mnunuzi wa dagaa ameshayasikia, tena mara nyingi huletewa na mtu anayejifanya anamwonea huruma. Kwa hiyo kupima kwangu kusingekuwa kupima mimi. Kungekuwa kumpima yeye. Niliogopa jibu hilo kuliko nilivyoogopa kufa, na ndiyo maana sikwenda hospitali.

Badala yake nikaenda kutafuta jinzi. Nilijiambia kwamba nikipata jinzi sahihi, siku ya matembezi itapita, na baada ya hapo nitarudi ndani ya dera langu na kuendelea kufikiri. Skini, ile ya kubana mwili, ingenianika hadharani. Nilitaka ile isiyobana na isiyopwaya, yenye nafasi mapajani, laini kwa kufuliwa sana, inayokaa kiunoni bila kushikiliwa, na inayompa mtu umbo hata kama umbo lenyewe limeaga. Ukiwa ndani ya suruali ya namna hiyo unatembea kama mtu asiye na shida. Mimi nilihitaji kutembea hivyo mbele ya wanawake wale, kutoka kwenye gari mpaka mezani, bila mtu kunitazama nyuma na kumkonyeza mwenzake.

Nikaenda Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Pale hakuna chumba cha kujaribia, na mwanamke anayejiheshimu havui nguo katikati ya marobota. Unachofanya ni hiki: unaichukua suruali, unafunga kifungo, unakilaza kiuno chake bapa, unakizungusha shingoni. Ncha mbili zikikutana kisogoni, suruali ni yako. Zikipishana, ni kubwa. Zisipofikiana, irudishe kwenye lundo. Mama yangu alipima hivyo, dada zangu wanapima hivyo, na mimi kwa njia hiyo nimewavalisha watu wa nyumba yangu miaka yote bila kukosea hata mara moja. Anayetaka kucheka acheke: mchana kutwa dukani nilikuwa na futi ya fundi imening'inia kwenye shingo hiyo hiyo, na haikunijia akilini kuitumia. Futi ilikuwa ya vitambaa vya wateja. Suruali inapimwa kwa shingo.

Ya kwanza niliipata upesi. Rangi ya bluu iliyopauka vizuri, kitambaa kizito lakini kinanyumbulika, mifuko imekaa mahali pake. Nikaizungusha shingoni, ncha zikagusana kama zilikuwa zinatafutana.

"Hiyo imekuja kwa ajili yako, mama," muuzaji akasema.

Nikamwamini. Nyumbani nikajifungia chumbani, nikaivaa, nikafunga kifungo, nikavuta zipu, nikaachia mikono. Ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilicheka, nikasema moyoni leo umezeeka, umepima vibaya. Nikarudi kwa yule yule muuzaji siku iliyofuata nikachagua nyingine, nyeusi iliyofifia, nikaipima kwa utulivu, nikarudia kuipima. Ncha zilikutana. Nyumbani nayo ikashuka. Mara hii sikucheka. Niliivuta juu nikasimama mbele ya kioo cha kabati nimekamata kiuno chake kwa ngumi, na ndani ya ngumi kulikuwa na kitambaa cha kutosha kushona kofia. Baba watoto akafungua mlango. Alikuwa amerudi kutoka kisiwani siku hiyo. Akaniona nimeshikilia suruali, mbavu zinahesabika, akasimama hapo kidogo, halafu akaufunga mlango taratibu bila kusema kitu. Hakuniuliza jioni, wala asubuhi. Akavuka tena kwenda kwenye dagaa zake. Nilikaa na ukimya ule ukinichoma, nikijiuliza amewaza nini juu yangu.

Hasira yote nikampelekea muuzaji wa jinzi.

"Umenibadilishia!" nikamwambia kabla hata hajaitikia salamu. "Mimi napima nyingine, wewe unafunga nyingine. Mara mbili! Unadhani mimi mshamba?"

"Mama, nikubadilishie ili nipate nini? Suruali ni hiyo hiyo."

"Ni kubwa!"

"Si ulipima mwenyewe?"

"Nilipima, ikanitosha, nyumbani imekuwa kubwa. Suruali inakua njiani?"

Watu walishaanza kusogea. Sokoni ugomvi ni bure, kila mtu anajipatia. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake ndio ulionipandisha zaidi. "Mama, unanihalibia biashala," akasema kwa sauti ya chini, lafudhi ya Kisukuma ikimtoka. "Haya, pima tena hapa, wote waone."

Nikaitoa ile nyeusi, nikaifunga kifungo, nikaizungusha shingoni mbele ya kadamnasi. Ncha zikakutana kisogoni, barabara. Muuzaji akainua mikono kuwaonyesha watu. Mimi nikaona ninageuzwa mwongo, nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya na sitakifanya tena: nikaingiza miguu kwenye ile suruali pale pale, nikaipandisha chini ya dera, nikaifunga, nikalishika dera juu kidogo ili waone, nikaiachia.

Ikaanguka.

Laiti wangecheka. Nilikuwa tayari kwa kicheko, nilikuwa na matusi yangu yamepangwa mdomoni. Hakuna aliyecheka. Wanawake wakaangalia chini, muuzaji akajifanya anapanga mashati, na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu yangu na kikapu cha nyanya akanigusa mkono akasema, "Pole, dada." Pole ile nilijua ni ya nini. Nilisikia baridi kwenye jua la Mwanza.

Nikaiokota suruali nikaizungusha tena shingoni, kwa ukaidi tu, sijui nilitaka kumthibitishia nani. Kwenye nguzo ya kibanda kulikuwa na kioo kidogo cha wateja. Nikajiona. Nilimeza mate kwa uchungu, na juu ya ule ukingo wa jinzi kitu kikapanda na kushuka shingoni mwangu, kitu kinene, cha ukubwa wa limao. Nikameza tena. Kikapanda, kikashuka. Nikaitoa suruali nikapapasa kwa vidole. Shingo ile niliyoitegemea maisha yangu yote ilikuwa imenenepa mbele kama shingo ya mtu mwingine. Mwili ulikuwa umekwenda chini na shingo imepanda, na mimi nilikuwa nikitafuta mwizi kwenye marobota.

Niliiacha suruali juu ya meza, nikamwambia muuzaji samahani, nikapanda bodaboda mpaka hospitali. Sikupita nyumbani kwa sababu nilijijua: nikifika nyumbani nitapata sababu ya kutokwenda.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alisimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni, akanipa glasi ya maji akaniambia nimeze. Akaniangalia mikono. Akauliza kama nasikia joto hata usiku wa mvua, kama moyo unaenda mbio, kama nakula sana na bado napungua. Kila kitu nikasema ndiyo.

"Na hasira? Unakasirika haraka?"

"Sikasiriki!" nikamjibu, nikaisikia sauti yangu ikigonga ukuta wa pili.

Akatabasamu, akaandika. Halafu akasema tutapima damu kwa ajili ya tezi, na kama nikiridhia tupime na vile vipimo vingine vyote kwa pamoja. Alivisema hivyo, vile vingine vyote, bila kushusha sauti. Niliitikia kwa kichwa. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia mlango wa maabara, na sikumwomba Mungu afya. Niliomba mume wangu asiwe ametoka nje ya ndoa. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyoomba.

Aliponiita ndani, alisema kwanza lile nililokuwa naliogopa: sina. Halafu akaeleza kwamba ni goita, ile inayofanya tezi ya shingo ichape kazi kupita kiasi mpaka inauchosha mwili wote, kwamba majibu ya damu yatathibitisha, kwamba kuna vidonge, na kwamba nitapaswa kurudi kliniki Jumatatu nyingine na nyingine. Nililia mbele yake kama mtoto. Alidhani nalilia goita.

Nilitembea kurudi kituoni nikiwa mwepesi. Kila kitu kilikuwa kizuri, hata vumbi. Sikumpigia baba watoto simu. Nilitaka kumwambia ana kwa ana, nione uso wake. Nilikuwa nimemdhania vibaya kwa miezi, nimemhukumu kisiri huku nikimpakulia chakula, na nilitaka kumlipa kwa habari njema.

Alirudi Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya matembezi. Aliingia na harufu yake ya dagaa na moshi, na mkononi ana mfuko.

"Nilikuona unahangaika na zile suruali," akasema akiangalia pembeni. "Nimepitia dukani. Jaribu hii."

Ilikuwa jinzi. Kumbe alikuwa amechukua sketi yangu niliyokuwa nimeipunguza kiuno kwa mkono, akavuka nayo kwenda na kurudi, akaingia nayo kwenye duka la nguo mjini, muuzaji akaipima kwa futi. Mwanaume ambaye hajawahi kuninunulia hata kitambaa cha kichwa! Nikaivaa. Ikapanda bila kubana, ikakaa kiunoni, ikatulia. Mapajani ilikuwa na hewa, nyuma iliniinua mahali nilipodhani hapainuki tena, na nilipochuchumaa ilichuchumaa nami bila kulalamika. Nikageuka mbele ya kioo, nikageuka tena. Niliona mwanamke mwembamba mwenye suruali nzuri, basi. Hakuwa mgonjwa wa mtu.

"Imekukaa, mama," akasema. "Imekukaa kweli."

Nikaketi karibu naye kitandani. "Nina neno nataka kukuambia. Nilikwenda hospitali. Ni goita, hapa shingoni, na kuna dawa. Siyo..."

"Siyo ule ugonjwa," akamalizia. Akapumua kwa nguvu, akanishika mkono, akatabasamu. "Nilikuwa najua siyo."

"Ulijuaje?"

"Nilipima. Ulipoanza kukonda nilikwenda zahanati kule kule kisiwani. Sina. Nikarudia tena majuzi, sina. Nikajua basi na wewe huna." Aliniambia hivyo kama mtu anayemwongezea mwenzake zawadi juu ya zawadi.

Nami nilifurahi. Kweli nilifurahi, kwa muda wa kupumua mara moja. Halafu nikauliza, bila hila yoyote, "Kumbe ulikuwa unanishuku mimi?"

"Wewe? Hata siku moja!" Alisema haraka, kwa moyo wote, na nilijua ni kweli tupu. "Wewe sijawahi kukushuku."

"Sasa ulikwenda kupima kwa kumshuku nani?"

Mkono wake ulikuwa bado umeushika wangu. Nikausikia ukilegea kidogo, kidole kwa kidole. Akaanza kuangalia pindo la jinzi niliyovaa kana kwamba ameona uzi umetoka. Nje gari la matembezi likapiga honi, na akina mama wakaanza kuniita kwa kelele. Nilimsubiri. Honi ikapigwa tena. Nikasimama, nikachukua mkoba, nikatoka.

Ufukweni walinizunguka wote. Mwenyekiti alinizungusha kwa mabega kama mtoto wa sikukuu. "Jamani, mwoneni! Hii ndiyo jinzi! Inakuachia, lakini inakushika panapotakiwa. Nani kakununulia?"

"Baba watoto," nikasema.

Wakapiga vigelegele. "Una bahati, wewe! Wangu hajui hata namba ya kiatu changu." Wakanisimamisha mstari wa mbele kwenye picha, katikati kabisa. Nikasimama nimeweka mkono kiunoni. Hakuna aliyenitazama mitulinga. Nilichokuwa nikikihangaikia wiki zote zile nilikipata chote: nilikaa chini, nikainuka, nikala sato wa kuchoma mpaka vidole vikaniuma kwa ndimu, na suruali haikunisumbua hata mara moja. Ni suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na nilikuwa nimevaa ndani yake maumivu ambayo sikujua niyaweke wapi. Nilicheka pale walipocheka. Mmoja aliniomba nimwambie mume wangu amfundishe na wa kwake, nikasema nitamwambia.

Niliporudi alikuwa amekaa sebuleni, redio imezimwa. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi, na chai ilikuwa mezani ameichemsha mwenyewe.

"Wameipenda?" akauliza.

"Wameipenda."

"Ilikuwa zamani," akasema. "Na ilikwisha. Na sina kitu, nimekuambia, nimepima mara mbili."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilidhani nitapiga kelele, kwa jinsi nilivyokuwa siku zile, mtu wa kupigia kelele kijiko. Sauti ilitoka ndogo kabisa.

"Jumatatu nina kliniki," nikamwambia. "Tutakwenda wote. Utapima tena, nikiwa nimekaa pembeni yako."

"Huniamini?"

"Sijui," nikasema, na nilikuwa sijui kweli. "Lakini utakuja."

Aliinamisha kichwa, akasema atakuja. Nikaenda kumimina chai, vikombe viwili, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na kwa mara ya kwanza sikuweza kusema kama ni goita.